Darla na Mstari wa Kati

Jumatatu, 1 Oktoba 1979

Ligi ya wanawake ya mpira wa kikapu imeongeza timu mwaka huu, na moja ni yetu! Timu ya kulipwa! Hapa Tilden Grove, Iowa, penye watu elfu kumi na mbili na nguruwe wasiohesabika.

Jina lilichaguliwa kwa kura kwenye duka la vyakula: Vimbunga. Bibi amekasirika. Kimbunga cha mwaka 1966 kilibeba banda lake la kuku na kulitua wilaya ya jirani, na anasema huwezi kumpigia makofi mtu aliyekufanyia hivyo. Jina nililopendekeza mimi, Walinzi wa Nyanda za Dhahabu, lilipata kura moja. Najua ya nani.

Mazoezi yameanza kwenye ukumbi wa maonyesho ya ng'ombe. Sakafu ya mbao imetoka kwenye shule iliyofungwa. Wameipanga vipande vipande juu ya udongo. Ukidunda mpira karibu na mlango wa mashariki haurudi. Harufu ya ng'ombe ipo. Wachezaji waliotoka miji mikubwa wanapumua kwa mdomo.

Kocha ni Bwana Santangelo wa New Jersey. Ameita wanawake ishirini, atabakiza kumi na wawili. Orodha itabandikwa Jumamosi ya tarehe 13, baada ya mechi ya kirafiki. Na mmoja wa hao ishirini ni dada yangu Darla!!

Darla ana miaka ishirini na miwili. Shuleni alifunga pointi sitini na moja katika mechi moja. Picha yake bado iko ukutani kwa kinyozi. Alipomaliza shule hapakuwa na pa kwenda kucheza. Miaka minne sasa anapanga mayai kiwandani, na akirudi anatupia kikapu kilichopigiliwa kwenye ghala letu. Wakati wa theluji anavaa glavu. Hajawahi kulalamika. Mimi ndiye ninayelalamika kwa niaba yake, humu daftarini.

Leo akiosha sahani ameniambia hii ni mara moja tu. Asipochukuliwa, raba zake anazipeleka kwenye mnada wa kanisa, yamekwisha. Alisema huku akisugua sahani ambayo ilishatakata zamani.

Nimeamua kumsaidia. Hajui. Ni bora asijue.

Jumanne, 2 Oktoba

Baada ya shule nilikwenda kuomba kazi ya kuandika takwimu za timu. Nina madaftari tisa ya takwimu. Nilikuwa nimeifanyia sentensi yangu mazoezi mbele ya kioo. Mbele ya meneja ikatoka kinyumenyume.

Kazi amepewa Denise Krull. Tunasoma darasa moja. Baba yake, daktari wa meno, ana hisa kwenye timu. Denise aliniuliza kikapu kimoja ni pointi ngapi! Halafu akasema, pole Twyla, labda wanahitaji mtu wa taulo. Meneja akasema taulo zina mtu. Nimepewa mopu ya kukausha jasho sakafuni.

Sawa. Mwenye mopu anaona kila kitu. Na nimeona tatizo. Tatizo kubwa.

Darla anasimama kwenye mstari wa kati.

Hapa Iowa wasichana wanacheza sita kila upande, tangu enzi za Bibi. Watatu wanashambulia nusu moja ya uwanja, watatu wanalinda nusu ya pili, na ukivuka mstari wa kati filimbi inalia. Tena huruhusiwi kudunda mpira zaidi ya mara mbili. Kwetu huo ndio mpira wa kikapu. Kocha hakuwahi kusikia habari hiyo maishani mwake. Kwenye ligi wanacheza watano, uwanja mzima, kila mtu kila mahali, kama nguruwe waliofunguliwa zizi.

Darla alipata mpira akiwa peke yake, njia nyeupe. Akadunda. Akadunda. Akafika mstarini, akasimama, akaushika mpira kwa adabu akisubiri mtu wa ng'ambo aje kuuchukua.

Kocha akauliza kuna nini. Darla akasema, "Ni mstari, kocha."

Kocha akautazama mstari. Akamtazama Darla. Akauliza, "Huu mstari una umeme?"

Yvette Prewitt wa Philadelphia, mwenye urefu wa futi sita na inchi mbili, alicheka hadi akakaa chini. Lakini si kicheko kibaya. Alimjia Darla, akamsukuma mgongoni taratibu: "Vuka, mama. Hapa hakuna forodha." Darla akapiga hatua moja. Nyuma.

Alhamisi, 4 Oktoba

Mpango wa kwanza: Sauti ya Umma.

Nimemwandikia kocha barua kumi na mbili kutoka kwa mashabiki mbalimbali. Mkulima. Mjane. Askari mstaafu. Mtoto wa miaka saba (huyu kwa kalamu ya nta). Miandiko tofauti, karatasi tofauti. Wote wanamsihi asimwache Darla Kuiper. Nimezitumbukiza kwenye masanduku manne ya posta, mawili kwa baiskeli. Kidole kina malengelenge. Nafsi imetulia.

Jumamosi, 6 Oktoba

Kocha amezisoma barua mbele ya wachezaji wote.

Akasema amefurahi kuona mji unajali. Ila kuna jambo linamsumbua. Mkulima, mjane na askari mstaafu wote wameandika "kwa kuzingatia hoja zilizotangulia". Na mtoto wa miaka saba ametaja wastani wa mitupo huru ya Darla, miaka minne mfululizo, hadi desimali mbili. Akauliza kama kuna mtu hapa anayependa madaftari.

Denise Krull akanyoosha kidole. Kuelekea kwangu.

Nilikuwa nadeki mahali pakavu. Niliendelea kudeki. Yvette akasema, "Mwacheni Profesa, angalau mtu anatuandikia barua." Tangu hapo wote wananiita Profesa. Sijaamua kama ninapenda.

Darla aliendesha gari hadi nyumbani akitazama mbele tu. Maili tisa! Mahindi kushoto, mahindi kulia, mashine za kuvunia zikitoa vumbi. Alipozima injini akaniambia, "Twyla, mimi ni mtu mzima. Nikianguka, niache nianguke mwenyewe."

Nimemwelewa kabisa. Anataka njia ya kisayansi zaidi.

Jumapili, 7 Oktoba

Chakula cha pamoja baada ya ibada. Jeli ya kijani yenye karoti, aina tano. Mzee Hendricks akatangaza kwamba mwanamke akikimbia uwanja mzima moyo wake utapasuka, ndiyo maana wazee wetu waliweka mstari. Bibi akamjibu kwamba mwaka 1966 alikimbiza kuku wake wilaya nzima, na moyo wake anausikia bado unagonga. Je, wake yeye unagonga? Mzee Hendricks akachukua jeli nyingine.

Mchana: sayansi. Nimeazima maktaba kitabu cha saikolojia. Kuna mbwa, kuna kengele, kuna nyama. Mbwa anazoea. Nikachora mstari wa chaki kwenye sakafu ya ghala, nikasimama ng'ambo na kengele ya ng'ombe na bakuli la vipande vya keki ya chokoleti. Darla alinitazama kwa muda mrefu. Lakini ana huruma sana, hajui kukataa.

Kengele, kavuka, keki. Kengele, kavuka, keki. Mara kumi na moja kati ya kumi na moja! Asilimia mia! Nimeiandika kwa wino mwekundu.

Jumatano, 10 Oktoba

Nilikwenda mazoezini na kengele ndani ya koti.

Darla akapata mpira. Akadunda mara mbili. Mstari. Akasimama. Nikapiga kengele.

Sikuwa nimezingatia banda la nyuma. Kuna ng'ombe kumi na wanne wanaosubiri mnada, na kwao kengele ni chakula. Waliitikia wote kwa pamoja. Mmoja alikuja kuulizia. Yvette Prewitt, ambaye jana alituambia haogopi kitu chochote chenye miguu, alipanda juu ya meza ya takwimu, juu ya daftari la Denise, na nusu juu ya Denise. "Profesa! Profesa! Mwambie huyu mtu arudi kwao!"

Kocha akanyoosha mkono. Nikampa kengele.

Darla hakuvuka hata hivyo. Nilimuuliza garini kwa nini jana kule ghalani alivuka. Nilikosea, nikasema jana, ilikuwa Jumapili. Nilikuwa na aibu. Akasema, "Nilitaka keki, Twyla."

Baadaye akaniambia kitu ambacho sikuwa najua. Alipokuwa darasa la nane, katika fainali, sekunde za mwisho, mpira ulibingirika mbele yake akaufuata. Mguu mmoja ulivuka mstari. Filimbi. Walifungwa kwa pointi moja. Wenzake hawakumlaumu hata kidogo, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Tangu siku hiyo miguu yake inaisikia filimbi kabla haijapulizwa. Anajua kabisa kwamba sheria hapa ni nyingine. Kichwa kinajua. Miguu ni ya Iowa.

Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Hata supu imepoa.

Nimekuwa nikimtengeneza Darla, kumbe Darla hana kosa. Kosa liko kwenye mstari!

Ijumaa, 12 Oktoba

Yvette amenong'ona: kocha ana majina kumi na moja. Imebaki nafasi moja, kati ya Darla na msichana mmoja wa Kansas ambaye anavuka mistari yote bila kufikiri. Kesho ndiyo kesho.

Darla hakula. Alipiga pasi kamba za raba zake. Kamba! Nikamwangalia mlangoni, nikarudi chumbani, nikaingiwa na ushujaa.

Nimepata mkanda wa gundi wa kufungia vifurushi, rangi ya kahawia, roli nne. Nimeulinganisha na kipande cha sakafu nilichokuta kimebanduka. Hutautambua. Hakuna mstari, hakuna filimbi. Nashangaa wataalamu hawakuliwaza hili.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nitajaribu kuandika kwa utulivu.

Saa mbili asubuhi nilikuwa peke yangu ukumbini na mopu yangu. Mlinzi akasema ninajituma. Futi hamsini za mstari nilizifunika nikiwa nimepiga magoti. Kazi safi! Nilirudi nyuma hatua kumi: mbao tupu, kama ziwa.

Saa nane mchana watu elfu mbili na mia tatu. Bendi ya shule. Kanisa letu lote, pamoja na Mzee Hendricks aliyekuja kuona mioyo ikipasuka. Bibi kavaa kofia ya Vimbunga, lakini ameigeuza jina lisionekane. Wapinzani wametoka Wisconsin. Waamuzi wakakagua mpira, nyavu, saa. Nani hukagua mstari?

Kocha akamwanzisha Darla.

Hapa niseme ukweli. Nilitegemea angekimbia kama mto. Badala yake aliingia uwanjani, akatazama chini, akapotea. Mstari ulikuwa unamwambia wapi pa kusimama. Sasa ungeweza kuwa popote! Alikuwa anatembea kama mtu aliyedondosha hereni. Wako wengine wawili wa hapa Iowa kwenye timu, na wao wakapatwa vilevile. Wakasimama watatu, kila mmoja mahali pake, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake amevuka. Wisconsin wakafunga vikapu sita. Yvette alikuwa akizunguka peke yake akipiga kelele, "Jamani! Jamani, mnangoja basi?"

Halafu mwamuzi akataka kuhesabu sekunde kumi za kuvuka nusu ya uwanja. Nusu gani? Akapuliza filimbi. Akapiga magoti. Akakwaruza kwa kucha. Ukumbi mzima ukasikia: kwaaap.

Denise Krull akasema kwenye maikrofoni, ambayo hakujua iko wazi, "Ni Twyla huyo, mia kwa mia."

Niliubandua mstari wote kwa kisu cha siagi, mbele ya watu elfu mbili na mia tatu. Dakika ishirini na mbili. Bendi ilipiga nyimbo zake zote tatu, ikaanza upya. Niliongea na sakafu tu. Sikuthubutu kumtazama Darla. Nilipoinua macho mara moja alikuwa benchini, taulo kichwani, na msichana wa Kansas alikuwa anavua koti.

Niliwaza: nimemmaliza. Si mstari, si kocha. Mimi. Miaka minne ya glavu kwenye theluji, na nimeimaliza kwa roli nne za gundi.

Msichana wa Kansas akacheza robo ya pili na ya tatu. Vizuri. Anavuka kama upepo. Robo ya nne kocha akamrudisha Darla, nadhani kwa kumuaga tu. Na Darla alikuwa yule yule: nusu ya mbele anafunga, timu ikirudi kulinda yeye anabaki mstarini, vidole vya raba sawasawa na rangi.

Hapo ndipo nilipokiona. Kipande cha mkanda, kama futi moja, kimenasa kwenye kiatu cha mtu na kudondoka chini ya kikapu chetu, upande wa kulinda. Gundi juu. Mtu angeteleza avunje mguu, na ingekuwa kwa sababu yangu. Mpira ulikuwa upande ule mwingine. Nilihesabu nina sekunde nane. Nikaingia na mopu, nikainama, miwani ikadondoka.

Sikuwa na sekunde nane. Wisconsin waliupora mpira, na yule mkubwa wao, Bi Lindqvist, futi sita na inchi nne, akaja moja kwa moja kwenye kikapu. Kwangu. Bila miwani nilimwona kama jokofu linalokuja mbio. Nikakumbatia mopu.

Nikasikia mtu anaita jina langu. Halafu raba, nyingi, haraka. Halafu mkono ukapita mbele ya uso wangu, ukaupiga mpira ukamtoka Bi Lindqvist, na jokofu hilo likanikwepa likaishia kwenye bendi, kwenye ngoma kubwa.

Ilikuwa Darla. Kwenye nusu ya kulinda! Ambako hajawahi kukanyaga mechi ikiendelea tangu darasa la nane!

Mpira ukamrudia mkononi. Akaniangalia kama niko mzima. Yvette akapiga ukunga: "Kimbia, mama, kimbia!" Akakimbia. Alidunda mara moja, mbili, tatu. Nilikuwa nahesabu kwa sauti nikitafuta miwani kwa mikono. Tisa! Kumi! Kumi na moja! Akavuka mstari mara ya pili, akaruka kidogo juu yake kama mtu anayeruka kidimbwi, akaweka mpira kikapuni kwa upole, kama yai.

Kisha akageuka kwa mwamuzi na kuinua mkono. Akikiri kosa! Uso mweupe. Akasubiri filimbi.

Filimbi haikulia. Ukumbi mzima wa Iowa ulikuwa umenyamaza, nadhani sote tulikuwa tunaisubiri pamoja naye. Mwamuzi akampungia: endelea, dada, endelea. Ndipo Bibi akasimama akapiga yowe, na watu wote nyuma yake.

Alivuka mara sita zaidi. Kila mara na ule mruko mdogo. Tulifungwa kwa pointi kumi na nne. Hakuna aliyejali.

Saa kumi na moja wakabandika orodha. Sikuweza kusoma, miwani imepasuka kioo kimoja. Darla alisoma hadi chini, akasimama pale. Nikadhani basi. Akasema, taratibu, "Wa kumi na mbili." Akakaa kwenye boksi la soda akalia, na mimi nikalia, na Yvette akatushika vichwa wote wawili kama mipira, akatuuliza kama watu wa Iowa huwa wanaruka hivyo hata wakivuka barabara.

Msichana wa Kansas alimpa Darla mkono. Nikampa na mimi wangu. Nilitaka kumwambia samahani. Sentensi ikatoka kinyumenyume.

Jumapili, 14 Oktoba

Kocha amenipigia simu nyumbani. Nimepokonywa mopu. Natakiwa kukaa safu ya kumi na tano au juu zaidi, kwa msimu wote, na nisilete kitu chochote chenye gundi wala sauti. Akasema pia kwamba katika miaka ishirini na sita ya ukocha hajawahi kuona mtu akivuka uwanja kwa kasi ile, na nimwambie dada yangu hivyo, kwa sababu yeye mwenyewe hatamwambia.

Nimemwambia. Akanikumbatia hadi mbavu zikalia. Halafu akanishika mabega akasema, "Twyla, nakupenda kuliko mtu yeyote. Niapie. Usinisaidie tena na ule mstari." Nikaapa. Juu ya Biblia ya Bibi, mkono ukiwa bapa.

Nimetafakari matokeo kwa haki. Lengo lilikuwa avuke. Amevuka. Mpango ulifaulu, kwa njia ndefu kidogo.

Na kiapo ni kiapo. Mstari sitaugusa kamwe.

Ila nimepitia daftari la jana. Mara zote kumi na moja alidunda kwa mkono wa kulia. Mara sita zilizofuata pia. Wa kushoto hautumii kabisa! Ligi nzima italigundua hilo ndani ya wiki mbili. Nimekwenda jikoni nikamwomba Bibi anifumie glavu nene sana, isiyotenganisha vidole, yenye kamba ya kufungia kifundoni, zawadi ya mapema kwa Darla. Bibi akaufurahia moyo wangu. Akachukua kipimo, akauliza anaanza na ipi.

Nikamwambia ya kulia tu inatosha.